Msisingizie Joto

Ukisimama saa nane mchana pale Tunduma, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukutana na ile iendayo Sumbawanga, utawaona vijana wa bodaboda wamejipanga juani kama matofali yanayosubiri kukauka. Hesabu vichwa vyao, kisha hesabu kofia ngumu. Mimi hufanya hivyo mara kwa mara, maana mwalimu aliyestaafu hana shughuli nyingi, na kuhesabu watoto ni ugonjwa ambao haujatutoka. Kofia utaziona nyingi. Hii imening'inia kwenye kioo cha pikipiki, ile imepachikwa kwenye kiwiko kama kikapu cha sokoni, nyingine imegeuzwa kiti cha kukalia. Zilizoko vichwani ni chache. Uliza sababu, utajibiwa kwa neno moja tu: joto.

Nina ugomvi na neno hilo, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza niwatendee haki vijana wenyewe. Wapo wazee wenzangu, na wapo wakubwa fulani, wanaosema kwamba mkoani Songwe hakuna joto la kulalamikia. Wanasema nchi ya Mbozi ni nchi ya kahawa na ukungu, kwamba asubuhi ya Juni mtu akizungumza moshi humtoka kinywani, na kwamba kijana anayelia joto huku ni mvivu anayetafuta sababu. Wasemao hivyo wengi wao husafiri ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa. Tunduma iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ni kweli kivulini kuna ubaridi. Lakini bodaboda hakai kivulini. Katika Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijatulia, yeye hukaa juu ya lami, katikati ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, injini zikinguruma na ekzosi zikimpulizia miguuni. Atakayebisha na akalie kiti cheusi cha pikipiki kilichoachwa juani saa moja tu, kisha aje tuendelee na mazungumzo.

Na huyo ni wa Tunduma. Je, yule anayeteremka? Chukua barabara ya Mlowo kwenda Kamsamba. Huku juu unaondoka alfajiri ukitetemeka. Kule chini, bonde la Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800 tu. Tulifundisha darasani kwamba kila ukishuka mita 100, hewa huongezeka joto kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Piga hesabu mwenyewe, kisha uongeze jua la mchana. Kijana aliyetoka Mlowo saa kumi na moja alfajiri amevaa koti la mitumba mgongo mbele, na kipande cha boksi kifuani kuzuia upepo, saa saba mchana yuko Kamsamba katika nyuzi 35 au zaidi, na koti ni lile lile. Kwa hiyo nasema: joto lipo. Asiyelikubali hana haki ya kumfundisha bodaboda jambo lolote.

Ninachokikataa ni dawa yake. Wanasema, joto likizidi, vua. Vua koti, vua shati ubaki na singilendi, vua helmeti (wao huiita elementi, nimechoka kuwasahihisha), ukaze mwendo ili upepo ukupige. Dawa hii ina utamu wake, na utamu huo ndio unaowapoteza.

Nilikwisha kupotea mimi mwenyewe. Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja kule bondeni, nikiwa na Honda kuukuu niliyoinunua kwa fedha za kahawa ya baba yangu. Siku zile walimu wakuu tulikuwa tunafuata mishahara wilayani. Oktoba ya mwaka huo nilitoka Vwawa na mishahara ya walimu saba ndani ya begi la turubai, nikawa naharakisha kufika kabla ya jioni kwa sababu mnazozijua. Nilipoanza kuteremka joto likanishika. Nikasimama, nikavua koti, nikavua shati, nikafunga kofia yangu kwenye keria juu ya begi la mishahara, nikaendelea kifua wazi. Ndugu msomaji, ilikuwa raha! Upepo ulinikausha, nikawa sina hata tone la jasho, nikajiona mjanja kuliko mwalimu wangu wa sayansi kule Mpuguso nilikosomea ualimu.

Kiasi cha saa moja baadaye midomo ilikuwa imekauka kama gamba la mti. Kichwa kikaanza kuuma upande mmoja. Kisha nikaona barabara mbili. Nilichagua moja, na nilichagua vibaya, maana nilijikuta ndani ya shamba la mtu, pikipiki imelala nami nimekaa kando yake, nikijiuliza kwa dhati kabisa jina la shule yangu ni lipi. Mama mmoja aliyekuwa akitoka kisimani alinikuta. Hakuuliza maswali. Alinivuta kwenye kivuli cha mti, akanipa maji kidogo kidogo, kisha akachukua shati langu, akalichovya kwenye ndoo yake, akanivika likiwa linachuruzika. "Vaa shati, Mwalimu," akasema, kama mtu anayemkemea mwanafunzi mtoro. Nikavaa. Baada ya muda nilijua jina la shule, na nikakumbuka mishahara ya watu.

Mama yule hakuwa amesoma fizikia, lakini alikuwa na mtungi nyumbani kwake, na mtungi ni mwalimu wa kutosha. Kwa nini maji ya mtungini ni baridi hata siku ya jua kali, na maji ya ndoo ya plastiki ni vuguvugu? Kwa sababu mtungi hutoka jasho. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakafika nje, yakageuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi yakaondoka nalo. Mwili wa binadamu ni mtungi wa namna hiyo. Kinachotupoza si upepo wenyewe, ni jasho linalokauka taratibu juu ya ngozi. Upepo ni msaidizi tu, na msaidizi huyo ana tabia ya kugeuka. Ngozi yetu ina joto la kama nyuzi 33 hadi 35. Hewa ikiwa ya baridi kuliko ngozi, upepo hukuondolea joto. Hewa ikizidi ngozi, upepo ule ule hukuletea joto, kama mvukuto wa mhunzi unavyochochea moto. Huko Kamsamba mchana, kijana aliye kifua wazi anayekaza mwendo ili apoe anajivukutia mwenyewe.

Tena upepo ni mdanganyifu. Ukitembea kwa miguu utaona jasho linatiririka, utajua unapoteza maji, utatafuta kisima. Juu ya pikipiki jasho hukauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho, kumbe unatoka zaidi ya mkulima mwenye jembe. Ndivyo ilivyonitokea. Kwa hiyo dereva asisubiri kiu. Anywe kila anaposimama, na akisafiri mwendo mrefu atie chumvi kidogo na sukari, au anywe togwa. Komoni si maji. Wala vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu si maji, ingawa vijiwe vyetu vimejaa makopo yake matupu. Vinamfanya kijana asisikie kuchoka, jambo ambalo si sawa hata kidogo na kutochoka.

Shati la pamba lililoloweshwa, na juu yake koti jepesi au kile kikoti cha kuakisi mwanga, zipu imeachwa wazi kidogo shingoni na mikononi ili hewa iingie polepole: hivyo ndivyo mtu anavyobaki mtungi. Shati likikauka, lilowanishe tena. Watu wa jangwani walijua zamani kwamba mwili unafunikwa, hauvuliwi. Mwaka 1980 wanasayansi walichapisha vipimo vyao kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui wa Sinai, wakaona kwamba aliyevaa nyeusi hakupata joto mwilini kuliko aliyevaa nyeupe, kwa kuwa kanzu ni pana na hewa hupita chini yake. Kilichowakinga ni upana na nafasi ya hewa. Bodaboda wetu anayebanwa na jaketi la nailoni lililofungwa hadi kidevuni anateseka kweli. Lakini anayelivua kabisa anatoka kwenye sufuria na kuingia motoni.

Kofia ngumu yenyewe inaongeza joto kichwani, sitakataa. Hasa ukiwa umesimama. Lakini ukiwa umesimama, ivue! Nani amekuzuia? Kaa kivulini, ivue, ipepee, futa jasho, weka kitambaa cha pamba chenye majimaji chini yake, halafu uivae unapowasha injini. Kitambaa hicho kitamsaidia pia abiria anayeogopa mba za kichwa cha abiria aliyetangulia, na kina mama wenye nywele zilizosukwa. Fungua kioo cha mbele ukiwa mwendo wa taratibu. Chagua rangi nyeupe au ya kung'aa. Nyeusi, kama lile jiwe la Kimondo pale Ndolezi, hunyonya jua. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi kulitazama, na kila aliyelishika mchana aliondoa mkono upesi, hakusahau somo. Nyeupe ina faida nyingine isiyohusu joto: uchunguzi wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2004 uliona kwamba wenye kofia nyeupe walipata ajali pungufu kwa kama robo kuliko wenye nyeusi, maana huonekana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonikalisha mezani.

Nina mjukuu, mtoto wa binti yangu wa pili. Alimaliza kidato cha nne, akakosa nafasi ya kuendelea, akaingia kwenye bodaboda kwa mkataba, akimpelekea mwenye pikipiki hesabu yake kila jioni. Mtoto mwenye adabu, haendeshi kwa fujo. Novemba 2022, saa nane mchana, kwenye barabara ya Sumbawanga, mbuzi alikatiza. Hakukuwa na lori, hakukuwa na mlevi, mwendo haukuwa mkubwa. Aliwahi kushika breki, akaanguka upande. Mikono ilichubuka, goti likachanika. Hayo yote yalipona ndani ya mwezi. Kichwa kiligonga ukingo wa lami. Helmeti ilikutwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, ingali inaning'inia kwenye kioo cha pikipiki ilipokuwa imetundikwa.

Leo ana miaka 26, na kila asubuhi tunakaa barazani, mimi na yeye, na ubao mdogo. Tunaanza ba, be, bi. Anajua nyimbo zote za kanisani, huimba bila kukosea, lakini akitaka kijiko huonyesha kwa mkono kwa sababu neno lenyewe halimjii. Katika miaka karibu 40 ya ualimu nimewafundisha kusoma watoto nisioweza kuwahesabu. Sikujua kwamba nitamfundisha mmoja mara mbili.

Madereva wenzake walipokuja kumtazama, mmoja alisema kwa huruma, "Babu, lile joto la siku ile lilikuwa kali mno." Wote wakaitikia. Nami nikaitikia. Nilipolala usiku ndipo nilipokumbuka kwamba mbuzi alikatiza, lami ilikuwa ngumu, na joto halikuwa na mikono ya kumvua mtu kofia. Ni nani basi aliyeivua?

Nitaliandika ingawa binti yangu angependa niliache. Mwezi mmoja kabla ya ajali, kijana huyo alinibeba kunipeleka Vwawa kwenye mambo ya wastaafu. Alikuja na kofia mbili, akanivalisha yangu mwenyewe, akanifunga mkanda wa kidevuni kwa upole. Tulipopita Mpemba nilikuwa natota jasho. Nikamwambia asimame. Nikavua, nikasema, "Joto hili litatuua, mwanangu. Vua na wewe upate hewa." Alisita. Alikuwa ameniheshimu tangu utotoni. Akacheka, akavua, tukaenda hivyo hadi Vwawa, mzee wa elimu na mjukuu wake, vichwa wazi, upepo ukitupiga. Nami niliyekwisha kuzikwa nusu na upepo huo huo mwaka 1986 sikukumbuka chochote.

Kwa hiyo ninapowashambulia wanaosingizia joto, nimejiweka mstari wa mbele. Vijana hawa hawakubuni kisingizio hiki peke yao. Wamekirithi kwetu, sisi abiria watu wazima tunaokataa kofia kwa sababu inanuka, inachafua kilemba, au inaharibu heshima ya mzee. Dereva mwenye miaka 20 atamwambia nini mwalimu wake wa zamani?

Watu wa serikali nao wana dawa yao: faini. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mimi siipingi, wala sipingi kwamba asiyevaa aadhibiwe. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini za bodaboda na bajaji zilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na hilo lilikuwa jambo la utu, maana 30,000 ilikuwa ikimla kijana na familia yake. Lakini tazameni faini inafundisha nini. Dereva anavaa kofia mita 200 kabla ya askari, anaivua mita 200 baada yake. Amejifunza mahali askari anaposimama. Fimbo niliitumia sana ujanani mwangu, najua inafundisha nini na inashindwa wapi. Hakuna aliyemweleza kijana huyu, kwa lugha ya mtungi, kwamba anaweza kuvaa na bado akapoa. Na hakuna aliyemwambia kwamba uchunguzi uliounganisha tafiti nyingi, uliotoka mwaka 2008, ulikadiria kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Angeambiwa hayo siku ile ile anayolipia leseni yake, angalau angechagua akiwa anajua.

Na kivuli kiko wapi? Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Tunachukua ushuru na ada kwa vijana hawa. Wakati wa kampeni tunawaita kwa mamia waongoze misafara, honi zikilia, kisha tunawarudisha juani. Niambieni ni vijiwe vingapi kati ya Tunduma na Mlowo vina paa, vina maji, vina mahali pa kuning'iniza koti. Mtu akikaa juani saa tatu akisubiri abiria, mwili wake umekwisha kuchemka kabla hajawasha pikipiki. Abiria anapokuja, kofia ndiyo mzigo wa kwanza anaoutua. Ukimpa kivuli cha kusubiria, hutahitaji kumhubiria sana.

Mbele ya nyumba yangu kuna kijiwe kisicho na mti hata mmoja. Mwaka jana nilinunua mabati saba na nguzo sita, nikaongeza mafungu ya nyasi ya kuweka chini ya bati, kwa kuwa bati tupu ni tanuri, mwalimu yeyote aliyefundisha saa saba mchana chini ya bati lisilo na dari analijua hilo. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika, sitaitaja, nikaomba ruhusa ya kujenga kibanda. Niliambiwa niandike barua. Niliandika. Niliambiwa inahitaji mchoro. Mimi niliyefundisha hesabu nilichora, kwa vipimo. Kisha nikaambiwa eneo ni hifadhi ya barabara, kisha kwamba huenda si hifadhi ya barabara, nirudi mwezi ujao. Nimerudi mara nne. Kijana mmoja pale mapokezi aliniamkia kwa heshima kubwa, akaniletea kiti, na faili halikuonekana. Mabati yamesimama nyuma ya nyumba na kuku wamepata mahali pa kutagia.

Mtungi hauhitaji ruhusa. Niliununua mwezi wa tisa, nikauweka kibarazani kwangu upande wa barabara, nikaufunika kwa gunia lenye maji, na kando yake ndoo nyingine ya kuloweshea mashati na vitambaa. Mjukuu wangu ndiye anayeujaza kila asubuhi baada ya kusoma. Siku za kwanza madereva walicheka. Mmoja alilowesha shati lake kwa mzaha, akaenda safari ya Mpemba, aliporudi aliomba kulilowesha tena, bila mzaha. Nimewawekea sharti moja: anayechota avae kofia mbele yangu kabla ya kuondoka, na aniruhusu nimfunge mkanda wa kidevuni mwenyewe. Wengine wananikasirikia. Wanasema mzee huyu anadhani bado tuko shuleni.

Jana mchana nilihesabu. Vijana 19, kofia zilizoko vichwani 7. Juzi zilikuwa 5.